Mtafuteni Uria Ndani ya Hadithi

Tafakari ya juma, Igamba
Masomo: 2 Samweli 11 na 12, 2 Samweli 23:39, Mathayo 1:6



Shule zimefungwa na kahawa imeiva. Vijana wengi wa ushirika wetu wanashinda kwenye vichanja, wakigeuza kahawa na kufukuza kuku, na saa zinazobaki wanasoma. Jambo hilo linanifurahisha mno. Lakini baadhi yenu wazazi mmenijia na wasiwasi, kwa sababu vitabu vinavyopokezanwa mwaka huu ni riwaya za Zama za Kati za Ulaya: ngome za mawe, wafalme, askari wa farasi waliovaa deraya, mazimwi, Vita vya Msalaba. Vingine vimeazimwa shuleni, vingine vimetoka kwenye vitabu vya mtumba Tunduma. Mnauliza kama mtoto wa Mkristo aachiwe mambo ya mapanga na damu, au anyang'anywe kitabu.

Waachieni wasome. Ila wachagulieni, na kipimo cha kuchagua kisiwe wingi wa damu. Kwa kipimo hicho tungeanza kwa kuitoa Biblia nyumbani, maana vitabu vya Waamuzi na Samweli vimejaa vita, hila za ikulu, ndugu kuuana, na mfalme anayemkimbia mwanawe wa kumzaa.

Rudini kwenye habari za Daudi na Uria. Jeshi liko Raba, mfalme amebaki Yerusalemu. Anamtwaa mke wa askari wake, mwanamke anashika mimba, na mfalme anamwita yule askari kutoka vitani ili aende akalale kwake na siri ifichike. Uria hakubali. Wenzake wanalala mahemani, yeye atakulaje na kunywa na kustarehe na mkewe? Analala mlangoni pa ikulu pamoja na watumishi. Mwishowe anarudishwa vitani akiwa amebeba mkononi mwake barua inayoamuru auawe.

Mwandishi wa kumsifu mfalme asingeigusa habari hiyo. Angeruka moja kwa moja kwenye ushindi, maana Raba ilitekwa kweli na Daudi akavikwa taji la dhahabu. Maandiko hayakufanya hivyo. Nabii Nathani anatumwa, naye anaingia ikulu na hadithi, hadithi ya tajiri na maskini mwenye mwana-kondoo mmoja. Kisha fungueni sura ya 23, mahali wanapoorodheshwa mashujaa wa Daudi: jina la mwisho kabisa ni Uria Mhiti. Na Mathayo, karne nyingi baadaye, anapoandika ukoo wa Bwana wetu na kufika kwa Sulemani, mama yake Sulemani anamtaja kuwa mke wa Uria. Mtu wa kabila la kigeni, aliyeuawa ili mkubwa asiaibike, jina lake limewekwa katika ukoo wa Masihi. Mungu hakukubali lifutike.

Basi riwaya ya wafalme na mapanga ikiingia nyumbani kwako, mtafute Uria ndani yake. Yule anayelipa gharama ya ushujaa wa wengine, je, mwandishi amemwona? Amempa jina, mama, njaa, hofu? Au ni kichwa kinachokatwa tu ili shujaa apigiwe makofi?

Nitoe mfano wa pwani yetu, kwa kuwa Zama za Kati hazikuwa za Ulaya peke yake. Mwaka 1331 msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alifika Kilwa. Ulikuwa mji tajiri, uliotajirika kwa dhahabu ya Sofala, na sultani wake, al-Hasan ibn Sulaiman, alisifiwa kwa ukarimu. Ibn Battuta anasimulia kwamba Ijumaa moja sultani alipokuwa akitoka msikitini, fukara kutoka Yemen alimwomba nguo alizovaa. Sultani hakusita. Aliingia ndani, akavua, akavaa nyingine, akampa zile. Watu walishangilia. Mwana wa sultani akazichukua nguo kwa yule fukara na kumlipa watumwa kumi. Sultani aliposikia jinsi watu walivyosifu, akaamuru fukara aongezewe watumwa wengine kumi na mizigo miwili ya pembe za ndovu.

Mpeni mtoto wenu habari hiyo, kisha mumuulize anaona watu wangapi. Wengi watamwona sultani, mwanawe, fukara na watu wanaoshangilia. Ngojeni kidogo. Mwingine atasema: na wale ishirini? Walitoka wapi? Nani aliwangoja kwao jioni ile? Msafiri yuleyule anaandika, pasipo kuona tatizo, kwamba sultani alikuwa akifanya mashambulizi bara na kurudi na nyara. Bara ndiko tuliko sisi. Watu waliotolewa kama malipo ya nguo wangeweza kuwa wa koo kama zetu. Simsemi sultani kwa sababu ya dini yake. Msafiri Mkristo wa wakati ule angemsifia mfalme wake kwa namna hiyohiyo, na Wakristo walioteka Yerusalemu mwaka 1099 waliwachinja Waislamu na Wayahudi wa mji ule huku wakimshukuru Mungu.

Kwa hiyo kuweni waangalifu na riwaya za Vita vya Msalaba. Ziko ambazo ndani yake Mwislamu hana uso, yupo ili achomwe mkuki na askari mwenye msalaba kifuani. Kijana wetu anayesoma kitabu cha namna hiyo anakaa dawati moja na Waislamu, na baba yake anauza na kununua nao Tunduma na Mlowo. Kitabu hicho kinamfundisha kumchukia jirani kwa jina la Yesu, nami nawasihi msikinunue hata kikiwa cha bei ya bure. Nasema vivyo hivyo kuhusu hadithi zinazoshangilia kikongwe akichomwa moto kwa kuitwa mchawi. Nchi hii imezika akina bibi waliouawa kwa sababu ya macho yaliyokuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Hatuhitaji riwaya ya kuwafundisha vijana kwamba ule ulikuwa ushujaa. Mazimwi yasiwasumbue sana. Hata Ufunuo una joka.

Vipo vitabu vizuri. Kwa aliye kidato cha tatu na kuendelea, mwenye Kiingereza cha kutosha, natamani apate Crispin cha mwandishi Mmarekani Avi, kilichotoka mwaka 2002. Ni habari ya kijana wa miaka 13 katika Uingereza ya mwaka 1377, mtwana katika shamba la kabaila. Mama yake amekufa, na kijiji kizima hakimjui kwa jina; anaitwa tu mwana wa Asta. Msimamizi wa shamba anamsingizia wizi, na inatangazwa kwamba yeyote anaruhusiwa kumuua kama anavyoua mbwa-mwitu. Ni kasisi wa kijiji anayemwambia kwamba alibatizwa na kupewa jina, na jina lake ni Crispin. Mwanafunzi aliyekariri somo la ukabaila kwa ajili ya mtihani ataelewa katika riwaya hii jinsi unavyokuwa mwili wa mtu anayemilikiwa.

Kingine ni The Door in the Wall cha Marguerite de Angeli, cha mwaka 1949. Robin, mtoto wa askari mkubwa, alitakiwa naye awe askari wa farasi, lakini miguu yake inapooza wakati mji umejaa tauni na watumishi wamekimbia. Mtawa anambeba hadi nyumba ya watawa, na huko anajifunza kuchonga mbao, kusoma na kuogelea. Ninyi wenye watoto wanaotembea kwa magongo, na nyie mnaowaficha, someni kitabu hicho kabla ya watoto.

Ivanhoe cha Walter Scott, cha mwaka 1819, ni kigumu zaidi na kinahitaji mtu mzima pembeni. Ndani yake yuko kabaila Mkristo anayemtishia mzee Myahudi, Isaac, kumlaza juu ya makaa ili atoe fedha, na yuko Rebecca, binti wa mzee huyo, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye moyo mkubwa kuliko wote kitabuni. Scott alimwona Rebecca. Lakini Scott hakumwona Isaac vizuri hivyo. Mara nyingi anamchora kama mtu wa kulilia fedha tu. Mwonyesheni kijana yote mawili. Kitabu kinaweza kumwona Uria mmoja na kumpita mwingine.

Na sisi Wamoravian tusijifiche nyuma ya vitabu vya wengine. Juma hili tunakumbuka tarehe 6 Julai 1415, siku Jan Hus alipochomwa moto mjini Konstanz. Alikuwa mhubiri wa Prague, katika kanisa lililoitwa Bethlehemu, akihubiri kwa lugha ya watu wake, Kicheki. Aliitwa kwenye mtaguso wa kanisa akiwa na barua ya ulinzi kutoka kwa Mfalme Sigismund, na barua ile haikumlinda. Historia yetu imeanzia ndani ya Zama za Kati. Watoto wetu wanaosoma habari za ngome na maaskofu wanasoma habari za babu zao wa imani.

Kwa sababu hiyo kipimo cha Uria kituanzie sisi. Ni rahisi kuwasimulia watoto wa shule ya Jumapili habari ya Hus namna ya kuwafanya wawatazame jirani zao Wakatoliki kwa jicho baya. Wasimulieni pia kwamba mwaka 1999 Papa Yohane Paulo wa Pili alitamka hadharani majuto yake makubwa kwa kifo kile cha kikatili. Wasimulieni kwamba baada ya kifo cha Hus wafuasi wake walishika silaha, wakapigana kuanzia 1419 hadi 1434, na mikono yao haikubaki safi. Vijana wanaompenda kamanda Jan Žižka, aliyeongoza majeshi hata alipopofuka macho yote mawili, waulizwe ni nani waliolala chini mahali alipopita.

Kisha wasimulieni habari za Petr Chelčický. Huyu hayumo katika riwaya nyingi, na naona ni hasara. Alikuwa mtu wa kijijini, aliyeona vita vile na kuandika kwamba mfuasi wa Kristo haui, hata kwa kuitetea kweli, na kwamba haki haipo mahali ambapo wakubwa wanaishi kwa jasho la wanaowadharau. Waliosoma maandiko yake ndio waliokusanyika Kunvald mwaka 1457 na kuanzisha Umoja wa Ndugu, chimbuko la kanisa letu la Moravian. Kanisa lililofika Mbozi mwaka 1899 lilizaliwa na watu walioukataa upanga. Askofu wake mmoja, Jan Amos Komenský, akiwa mkimbizi asiye na kwao, alichapisha mwaka 1658 kitabu cha picha cha kufundishia watoto. Kuchagulia watoto vitabu ni kazi ya urithi wetu.

Mzazi mmoja aliniuliza kama achome riwaya ambayo haikumpendeza. Hapana. Mwaka 1410 askofu mkuu wa Prague alichoma vitabu vya mwanateolojia Mwingereza Wycliffe, na Hus mwenyewe alipokuwa akipelekwa kuuawa alipitishwa mahali vitabu vyake vilipokuwa vikiungua. Tumekuwa upande ule wa moto. Tusihamie upande wa pili. Kitabu kibaya kisomeni pamoja na kijana, kurasa chache, mkimuuliza nani amesahauliwa. Kijana aliyezoea swali hilo atakuwa salama hata na vitabu ambavyo hamtaviona kamwe, na hivyo ndivyo vingi.

Wadogo wa shule ya msingi hawawezi kusoma riwaya hizi za Kiingereza. Kaka na dada zao wawasimulie kwa Kiswahili, au kwa Kinyiha ikiwa bibi yupo barazani, kwa kuwa bibi ana zake za kujibu. Habari ya Liyongo wa pwani, shujaa aliyeshindikana kwa silaha zote isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, akauawa na mwanawe aliyedanganywa na maadui, inafaa kusimuliwa usiku mmoja mzima. Baada yake waulizeni watoto juu ya yule mwana.

Na kuna jambo moja zaidi ninalolitamani. Katika mkoa wetu huu wa Songwe, kule Ivuna upande wa Momba, wanaakiolojia walichimbua mabaki ya watu waliotengeneza chumvi kati ya karne ya 13 na ya 15, wakati uleule wa Kilwa ya sultani na Uingereza ya Crispin. Walichemsha maji ya chumvi vyunguni, wakatafuta kuni, wakalea watoto katika joto la bonde la Rukwa. Hatuna jina la hata mmoja wao. Kijana wa Igamba anayejua kuni zinavyopatikana kwa shida, na moshi unavyowasha macho, ana vifaa vyote vya kuanza kumwandika mtoto wa pale: anaitwa nani, nani anamtuma maji, anaogopa nini, chumvi yao inachukuliwa na nani na kwa bei gani.

Nimezungumza na viongozi wa vijana. Jumamosi hii baada ya mazoezi ya kwaya kila mmoja aje na kitabu anachosoma, tuvitazame pamoja. Atakayependa kuandika habari za Ivuna, daftari na kalamu vipo kwa katibu wa vijana, na mimi nitasoma kila ukurasa atakaoniletea.