Amri ya Tano na Karatasi ya Ruhusa

Kila mara ajali kubwa inapotokea kazini au njiani, watu hukusanyika penye kilio, na baada ya machozi ya kwanza mzee mmoja husema: Ni mapenzi ya Mungu. Husema hivyo kwa moyo mwema, apate kuwafariji wafiwa, wala sisi hatuthubutu kumkaripia. Lakini yafaa wakristu walipime neno hilo, kwani lililo dawa kinywani mwa mfiwa laweza kuwa maficho kinywani mwa mkubwa wa kazi.

Wasomaji wa Kivu wanakumbuka Sange. Tarehe 2 Julai 2010 gari kubwa la petroli lilipinduka katika mji huo mdogo, penye njia ya kutoka Uvira kwenda Bukavu. Petroli ikamwagika, watu wakakaribia, wengine ili wateke. Moto ukawaka ghafula, ukafika hata katika nyumba ambamo watu walikuwa wakitazama mpira. Walikufa zaidi ya 200. Mbele ya makaburi mengi namna hiyo akili ya binadamu hukimbilia upesi kusema: Mungu ametaka, au Mungu ameadhibu. Bwana wetu Yezu Kristu alikwisha kulikata shauri hilo alipotaja wale watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu: hawakuwa wakosefu kupita wenzao wa Yeruzalemu. Aliwageuzia wasikilizaji wake macho, wajitazame wao wenyewe.

Ajali basi si adhabu. Ni nini? Ili tujibu vema, yatupasa kuitazama ajali moja ya mafuta iliyochunguzwa mpaka chini kabisa. Ilitokea mbali na kwetu, katika Bahari ya Kaskazini, mashariki ya nchi ya Uskoti. Lakini tabia ya moto ni moja kila mahali, na tabia ya watu pia.

Huko lilisimama baharini jukwaa kubwa la chuma, jina lake Piper Alpha, ambamo mafuta na gesi vilitolewa chini ya bahari na kusukumwa kwa mabomba mpaka pwani. Usiku wa tarehe 6 Julai 1988 walikuwamo watu 226. Mchana wa siku ile mafundi walikuwa wameondoa vali ya usalama ya pampu moja, kati ya pampu mbili zilizosukuma mafuta mepesi yatokanayo na gesi. Mahali pa vali wakaweka kifuniko cha chuma. Jioni ikafika, kazi haijaisha. Katika kazi za namna hiyo kuna karatasi ya ruhusa: fundi hagusi chombo bila hiyo, na mwenye zamu hawashi chombo ambacho karatasi yake haijafungwa. Karatasi ilikuwako. Lakini habari ya vali haikufika kwa watu wa zamu ya usiku. Saa nne kasoro robo pampu ya pili ikazimika, ikakataa kuwaka tena, nao wakaogopa jukwaa lote litakosa umeme. Wakatafuta karatasi, wakaona moja ya pampu ya kwanza, iliyotaja kazi nyingine ambayo haijaanza. Ile ya vali hawakuiona. Kadiri ya uchunguzi wa jaji, waliiwasha pampu ile, gesi ikapenya penye kifuniko, na saa nne usiku mlipuko wa kwanza ukatokea. Walikufa watu 167.

Tumtafute mwuaji. Hatumwoni mlevi, wala mwenye chuki, wala aliyetaka kifo cha mwenzake. Hata pampu za maji ya kuzimia moto zilikuwa zimezuiwa zisijiwashe zenyewe kwa sababu njema: wapiga mbizi walikuwa majini, zisije zikawavuta. (Lakini zilizuiwa hivyo hata wapiga mbizi walipokuwa mbali nazo, kwa mazoea tu. Mazoea hula tahadhari polepole, kama mchwa walavyo mlango.) Je, tuseme kwamba Amri ya Tano haikuvunjwa, kwa kuwa hakuna aliyetaka kuua?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino aliliuliza swali hilo hilo katika kitabu chake kikubwa cha teolojia: mtu aliyeua bila kukusudia ana hatia ya kuua? Jibu lake halimpendezi mvivu. Mwenye kufanya kazi halali na kuiangalia kwa bidii inayostahili, kifo kikitokea hana hatia. Lakini mwenye kufanya kazi halali bila kuiangalia kwa bidii hiyo, haponi katika hatia. Kusema «sikutaka» hakutoshi. Aulizwe pia: ulitazama?

Torati yenyewe inakwenda mbali zaidi, nayo inataja ng'ombe. Ng'ombe dume akimwua mtu kwa pembe mara ya kwanza, mwenyewe hana hatia. Lakini akiwa alizoea kupiga pembe tangu zamani, na mwenyewe ameonywa asimfunge, basi hatia ni ya mwenyewe. Sasa sikia, ndugu msomaji: katika jukwaa lile lile, mwezi wa Septemba 1987, mfanyakazi mmoja alikuwa amekwisha kufa, na kifo chake kilionyesha wazi udhaifu wa karatasi za ruhusa na wa kupokezana zamu. Ng'ombe alikuwa amekwisha kupiga pembe. Baada ya moto wa mwaka 1988 familia za marehemu zililipwa fedha, lakini hakuna aliyepelekwa mbele ya mahakama ya jinai. Serikali ina sheria zake, nasi hatuzihukumu. Kitubio kina kipimo kingine. Mapadri husikia dhambi za hasira na za uzinzi. Ni mara chache sana kapita au mkubwa wa bohari ya petroli kuungama kwamba alitia sahihi bila kwenda kutazama.

Liko jambo gumu zaidi, nalo ni la utii. Majukwaa mengine mawili, Claymore na Tartan, yaliunganishwa na Piper Alpha kwa mabomba. Wakubwa wake walijua kwamba mwenzao anawaka. Hata hivyo mafuta yaliendelea kusukumwa, na kwa kusukumwa huko moto ulipata chakula. Yule wa Claymore alitafuta kwanza neno la wakubwa wake wa pwani, kwani kuzima visima ni hasara kubwa, na kuviwasha tena ni kazi ya siku nyingi. Tusimhukumu mtu huyo upesi. Tangu utoto tunafundishwa kwamba utii ni fadhila, na ni kweli. Lakini Mungu humpa mtu mkubwa wake ili amwongoze, hakumpa ili amwondolee macho. Anayeona moto amekwisha kupokea amri, nayo imetoka juu kuliko pwani.

Katika nyumba ya kulala ya jukwaa watu wengi walikusanyika wakingoja helikopta, kama walivyofundishwa. Moshi ulizuia helikopta zisitue, wala hakuna aliyetoa neno la kutoka. Wengi wa waliokufa walikufia humo kwa moshi. Wale 61 waliookoka, wengi wao waliondoka kwa shauri lao wenyewe; wengine waliteremka kwa kamba, wengine waliruka majini kutoka juu sana. Huyu aliyeruka hakuwaasi wakubwa wake, wala yule aliyengoja hakuwa mjinga. Aliwaamini. Ndiyo sababu hatia ya mwenye kuaminiwa ni nzito kuliko ya mwingine.

Lord Cullen, jaji wa Uskoti, alitoa hukumu ya uchunguzi wake mwezi wa Novemba 1990, pamoja na mashauri 106, na yote yalikubaliwa. Tangu hapo mwenye jukwaa katika bahari ile hupaswa kuonyesha kwa maandishi, kabla hajaendesha kazi, jinsi watu wake watakavyosalimika.

Na kati ya wale 167, wawili hawakuwa watu wa Piper Alpha. Walitoka katika meli iliyoitwa Sandhaven, wakaingia katika mashua ndogo ya uokozi, wakakaribia mpaka chini ya jukwaa lililowaka, wakiwaokota walioanguka majini.