Ugomvi Huanzia Kwenye Kibakuli

Wajukuu zangu mlioko Marekani, nasikia baadhi yenu mmeanza kufuga shuga glaida, na kwamba kila ikifika saa mbili usiku kizimbani huzuka vita. Mmoja anakilalia chakula, wa pili anafukuzwa, wa tatu amejikunyata pembeni akingoja masazo. Nasikia pia majina mnayompa yule mbabe: mchoyo, mlafi, jeuri. Nimewafuga wanyama hawa huku ugenini miaka ya kutosha, basi nipeni masikio. Neno langu ni moja: mnyama hajiandalii chakula, unamwandalia wewe. Kabla hujamhukumu mnyang'anyi, tazama umeweka nini, wapi, na saa ngapi.

Mjue kwanza mliyemwingiza nyumbani. Glaida ana mkia wa manyoya na ngozi ya ubavuni inayomwezesha kuelea kutoka mti hadi mti, lakini si kindi. Ni mnyama mwenye mfuko wa kulelea watoto, ndugu wa mbali wa kangaruu, na kwao ni Australia na kisiwa cha Guinea Mpya. Huko kundi zima, wakubwa hata saba na watoto wao, hulala mchana ndani ya shimo la mti. Usiku hutawanyika kutafuta utomvu wa mikalitusi, gundi ya migunga, nekta na wadudu. Kugombana hugombana huko pia, ila aliyefukuzwa huruka akaenda mti mwingine. Kizimbani hakuna mti mwingine. Ukiweka kibakuli kimoja, mwenye nguvu atakikalia, na mnyonge hana pa kwenda.

Hata hivyo, si kila kelele ni vita. Vikombe vikiwa pamoja havikosi kugongana. Glaida wakipigiana makelele, wakisukumana, mmoja akapokonya kipande cha embe akakimbia nacho juu, waacheni. Wanakumbushana nani mkubwa. La kuogopa ni jingine: mmoja kufukuzwa hata anapokuwa mbali na chakula, manyoya kunyofoka shingoni au mkiani, sikio kuchanika, mnyonge kukataa kushuka mpaka wenzake washibe. Ukiona damu, usingoje kesho.

Sasa tuje kwenye maandalizi. Sisi tuliolelewa kwenye sinia tulifundishwa kula mbele yetu, tusivuke kwa mwenzetu. Glaida hakufunzwa adabu hiyo, kwa hiyo mwekee mipaka kwa vyombo. Weka vibakuli kwa idadi yao, na kimoja cha ziada: wakiwa watatu, vinne. Visikae safu moja sakafuni. Kimoja kiwe pembe hii, kingine pembe ile, vingine juu kwenye rafu, kwa kuwa glaida hupenda kula akiwa juu. Kati ya vibakuli ning'iniza matawi au vitambaa, ili anayekula huku asimwone anayekula kule. Mbabe hawezi kulinda asichokiona.

Wengi wenu huweka chakula ndani ya sanduku la plastiki lenye tundu la kuingilia, ili wasitapanye uchafu. Ni wazo zuri, lakini tundu likiwa moja tu, mkubwa atakaa mlangoni na mdogo atanaswa ndani bila pa kutokea. Toboa la pili upande wa pili.

Kisha chakula chenyewe. Kila kibakuli kiwe na kitu kile kile. Ukiweka papai huku na mboga kule, umeanzisha mbio. Katakata vipande vidogo sana au uvichanganye, wasiweze kuchagua kitamu na kuacha chenye faida. Hili lina uzito kuliko ugomvi wenyewe, maana glaida anayekula matunda matamu na wadudu peke yake hupungukiwa kalisi. Mifupa hulegea, na miguu ya nyuma huweza kupooza. Mnyonge anayeachiwa masazo na mbabe anayechagua vitamu wote wawili wamo hatarini. Vitu vya kuwadekeza, kama vile funza wa unga, usivitupe kizimbani. Mpe kila mmoja mkononi, wote kwa wakati mmoja, kila mtu wa nyumbani akishika wake ikibidi.

Saa nayo ina neno. Hawa ni wanyama wa usiku. Wape jua linapotua, wakati ule ule kila siku, kwani mwenye njaa asiyejua chakula kitakuja lini hula kwa hofu, na hofu ndiyo inayouma wenzake. Asubuhi ondoa mabaki kabla hayajachacha.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Nunueni mizani ya jikoni inayosoma gramu, na mumpime kila mmoja mara moja kwa wiki. Glaida mzima huwa na gramu 100 hadi 150 hivi, kwa hiyo gramu 10 zikipungua si jambo dogo. Macho hudanganya chini ya manyoya yale. Mizani itawaambia nani hali hata kama hamjamwona akifukuzwa. Anayepungua apelekwe kwa daktari anayewajua wanyama wa aina hii, kwa sababu huenda ni meno au maradhi, wala si ubabe wa mwenzake.

Mnasema fahali wawili hawakai zizi moja. Madume ya glaida hukaa, mradi yahasiwe na daktari. Hapo hasira hupungua sana. Jike aliyebeba mtoto mfukoni, ambako hukaa siku 70 hivi, ana haki ya kuwa mkali, na anahitaji kula zaidi. Mwongezee kibakuli, usimkaripie. Mgeni naye asitumbukizwe tu kizimbani. Wabadilishane vitambaa vya kulalia kwanza, wazoeane harufu, kisha wakutanishwe mahali pasipo pa yeyote.

Mkilazimika kuwatenganisha, aliyejeruhiwa akae kizimba cha jirani, awasikie na kuwanusa wenzake, na arejeshwe pole pole akipona. Msimfungie peke yake milele mkidhani mmemwokoa. Glaida mpweke hudhoofika, hunyonyoa manyoya yake, na wengine hujiuma mwili. Na msimpige wala kumpulizia mbabe. Hataelewa kosa, ataelewa tu kwamba wewe nawe ni wa kuogopwa saa ya chakula.

Kwa ambao hamjanunua bado, someni sheria ya jimbo lenu. California, Hawaii na Alaska haziruhusu kumfuga kabisa. Panaporuhusiwa, jiulizeni kama mko tayari kuamka na kulala naye zaidi ya miaka 10, maana anaweza kuishi hivyo akitunzwa, na kama fedha za wawili zipo, kwa kuwa mmoja hafugwi peke yake.

Basi leo jioni, kabla hamjaniandikia tena kwamba fulani ni mlafi, hesabuni vibakuli. Mungu awape subira.