Pedi Iliyomfundisha Mpwa Wangu Kushindwa

Foleni ya malori Tunduma ni soko linalotembea. Magari yanaposubiri kuvuka kwenda Nakonde, na mengine yakirudi na shaba ya Zambia na Kongo, vijana hupita kati ya matairi na chaja, spika, saa, mayai ya kuchemsha na maji ya chupa. Hapo ndipo mpwa wangu aliponunua pedi yake ya kwanza ya PlayStation 4. Ilikuwa mpya, ndani ya boksi, Sh25,000, na ukiichomeka taa zake zinawaka rangi baada ya rangi.

Naeleza yaliyomkuta kwa sababu nina mkono wangu katika hasara ile, na kwa sababu bado naona vijana wa Sogea na Majengo wakinunua kwa namna ileile.

Kwenye kibanda cha geimu cha mtaani kwao, anayepigwa anampisha mwenzake na anayeshinda anabaki na pedi. Mpwa wangu alikuwa habanduki. Alicheza Tekken 7 na mtu wake alikuwa Kazuya. Mtu mzima akipita pale huona watoto wanabonyezabonyeza tu, na mimi nilidhani hivyo mpaka siku aliponikalisha akanionyesha. Mraba ni ngumi ya kushoto, pembetatu ngumi ya kulia, eksi teke la kushoto, duara teke la kulia. Dole gumba la kushoto linakaa kwenye mishale minne. Kuna ngumi moja ya Kazuya inayotoka na umeme: unabonyeza mbele, unaachia, unabonyeza chini, kisha chini-mbele pamoja na pembetatu, na hivyo viwili vya mwisho lazima viangukie ndani ya picha moja. Geimu inachora picha 60 kila sekunde; wachezaji huziita fremu. Ukikosea kwa fremu moja, ngumi inatoka bila umeme, na adui akiikinga ana nafasi ya kukuadhibu. Mpwa wangu alikuwa akiitoa mara nane katika kumi, huku anaongea na watu.

Tusiudharau ufundi huo. Mwaka 2018 Mkenya Sylvia Gathoni, anayejulikana kama QueenArrow, alisajiliwa na timu ya nje iitwayo UYU kwa kucheza Tekken 7 hiyohiyo.

Ikasikika kuna shindano dogo Vwawa, na kila mchezaji aje na pedi yake. Kijana hakuwa na pedi. Miaka yote alitumia za kibandani. Akaja kwangu jioni.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umepoa?"

Akanieleza. Fundi simu mmoja alikuwa na pedi orijino iliyotumika, imekwaruzwa, mpira wa kijiti umelika, anataka Sh60,000. Kwenye foleni ya malori kulikuwa na mpya za Sh25,000. Nikamjibu kwa hadithi niliyoipenda. Mwaka 2014, huko Las Vegas, kwenye mashindano ya Evo, Mfaransa anayeitwa Luffy alichukua ubingwa wa Ultra Street Fighter IV kwa pedi ya PlayStation ya kwanza kabisa, ile isiyo na vijiti vya analogi, wakati wachezaji wengi wa ngazi ile walikuwa wakitumia vibao vikubwa vyenye fimbo. "Kwa hiyo pedi ni pedi tu," nikamwambia. "Mkono ndio unaopiga." Akaondoka amefurahi, akachukua ya Sh25,000.

Wiki ya kwanza umeme haukutoka. Alisema mkono umekuwa mzito kwa sababu ya baridi, na kweli ilikuwa Juni, na Juni ya Tunduma mnaijua. Wiki ya pili likaja jingine. Katika Tekken unajikinga kwa kushika mshale wa nyuma. Yeye alishika nyuma, na Kazuya akaruka juu. Mtu akiruka ovyo mbele ya mchezaji anayejua amejitoa mwenyewe: anadakwa hewani, anapigwa mfululizo kabla hajagusa chini, na nusu ya uhai inakwenda. Kijana akaongeza mazoezi. Nilimkuta saa tano usiku amekaa kwenye godoro, blanketi mabegani, anapuliza vidole, anarudia mbele, achia, chini, mara mia. Ilikuwa hivyo kwa miezi mitatu. Siku moja akaniambia, "Mjomba, nadhani nimeisha." Ana miaka 19.

Vwawa alitolewa mechi ya kwanza. Raundi ya mwisho walikuwa wamebakiwa na uhai mdogo wote wawili. Mwenzake akarusha teke ambalo mtoto wa kibandani angelikinga. Mpwa wangu akashika nyuma, Kazuya akaruka. Watu wakacheka. Kwenye Hiace ya kurudi hakusema neno.

Kesho yake nikaibeba pedi mwenyewe hadi kwa yule fundi simu. Nilitegemea achukue bisibisi. Hakuichukua. Aliwasha mashine yake, akaingia sehemu ya mazoezi ya Tekken, akawasha orodha inayoonyesha pembeni mwa skrini kila kitu unachobonyeza. "Shika chini, usiachie," akamwambia kijana. Mshale wa chini ukasimama. Ukageuka wa pembeni, ukarudi chini, ukalala upande wa pili, na dole gumba halijasogea hata kidogo. "Haya, nyuma." Nyuma, nyuma-juu, nyuma, nyuma-juu. Haikufika hata nusu dakika. Nilimtazama mpwa wangu: macho hayakuwa kwenye skrini, alikuwa anaangalia kidole chake.

Ndipo fundi akaifungua. Chini ya mishale kuna kipande kimoja cha plastiki, na chini yake vitufe vya mpira vyenye weusi unaopitisha umeme. Kipande hicho kinatakiwa kiegemee katikati, ili ukibonyeza upande mmoja, wa pili unyanyuke. Katika pedi ile egemeo lilikuwa fupi na mpira mlaini kupita kiasi, kwa hiyo kila kitu kilizama pamoja. Taa zilikuwa zimefungwa vizuri sana.

Nilifikiri shida imekwisha. Tuliilipia ile orijino yenye mikwaruzo, akaanza upya, na hapo ndipo nilipoelewa ukubwa wa hasara. Kwa miezi mitatu dole gumba lilikuwa limejifunza, bila yeye kujua, kubonyeza mshale wa nyuma kwa chini kidogo ili Kazuya asiruke. Kwenye pedi nzima kubonyeza huko kulisomwa nyuma-chini, yaani kuchuchumaa. Na aliyechuchumaa katika Tekken hawezi kukinga mapigo ya katikati. Akaendelea kupigwa, safari hii kwa kosa la mkono wake kweli, mkono ambao pedi mbovu ndiyo iliyoufundisha. Ilimchukua wiki nyingi zaidi kulitoa kosa hilo kuliko alizowahi kutumia kujifunza ngumi ya umeme.

Hadithi ya Luffy niliisoma kichwa chini miguu juu. Mfaransa yule hakuokota pedi yoyote. Alitumia pedi aliyoizoea, ya kampuni yenyewe, na mishale yake ilikuwa inatii. Uzee wake haukuwa na neno. Mimi nikaichukua habari ya mtu aliyekijua chombo chake, nikamfundishia mtoto kutojali chombo.

Sisemi kila pedi isiyo ya Sony ni mbovu. Hori ya Japani inatengeneza pedi iitwayo Fighting Commander, yenye vitufe sita usoni, maalumu kwa geimu za kupigana, na bingwa wa Marekani SonicFox ameshinda mengi nayo. Vitufe sita vina maana kwenye Street Fighter, yenye ngumi tatu na mateke matatu. Kwa Tekken vinne vinatosha. Kwa hiyo anza na geimu unayocheza. Kipaza sauti, taa, kutetemeka, kioo cha kugusa: katika geimu za kupigana havikusaidii kitu. Tazama mishale kwanza, vitufe vinne vya pili, waya wa tatu. Kwenye ukumbi wenye pedi nyingi za bila waya, pedi ya mtu mwingine inaweza kuingilia mechi yako. Pedi za PS4 za toleo lililotoka 2016, zile zinazoonyesha mstari mwembamba wa mwanga juu ya kioo cha kugusa, zinaweza kupeleka mawasiliano kwa waya ukichagua hivyo kwenye mipangilio ya mashine. Zile za kabla yake, hata ukizichomeka, waya unachaji tu.

Na kati ya mpya feki na orijino kuukuu, mimi sasa nachukua kuukuu. Mpira uliochoka hubadilishwa na fundi, na vumbi letu la barabarani husafishwa. Egemeo lililotengenezwa vibaya hakuna wa kulirekebisha.

Tatizo la foleni ya malori si wale vijana wanaouza. Wanatafuta riziki kama sisi. Tatizo ni kwamba barabarani hakuna televisheni. Unalipia boksi na rangi, foleni inasogea, na kesho aliyekuuzia yuko Mpemba au amevuka ng'ambo. Nunua mahali penye mashine iliyowashwa. Ingia kwenye mazoezi, washa orodha ya vitufe, shika kila mshale mpaka uhesabu kumi, kisha pembe zote nne. Bonyeza mraba na pembetatu kwa pamoja, mara ishirini, uone kama vinaingia pamoja. Fanya hivyo kwa dole lako mwenyewe, usimwachie muuzaji akuonyeshe.

Mzazi au mjomba ukiombwa hela ya pedi, usiitoe ukabaki nyumbani kama nilivyofanya mimi. Nenda naye, ukae pembeni utazame skrini wakati yeye ameshika mshale wa chini. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondokeni.