Simu ya Dharura: Dharura ya Nani?



Wako watu wengi siku hizi, na katika hao wamo ndugu zetu wa pwani wakaao Singida kwa biashara ya alizeti, waliochoshwa na simu kubwa za picha na maneno yasiyokwisha. Mtu huiuza ile kubwa, akanunua simu ndogo ya vitufe, ile iitwayo kitochi, akaizima na kuiweka sandukuni, akasema: "Hii ni ya dharura tu." Je, afanyavyo ni sawa?

Kwa upande mmoja amefanya vyema, wala hapana wa kumlaumu. Ameokoa fedha yake na wakati wake. Akiketi na wanawe, yu pamoja nao. Akisimama katika sala, moyo wake haungoji mlio. Na kitochi chatosha kwa kuita na kuitwa, na kwa kutuma fedha pia.

Lakini natuliangalie hilo neno dharura. Yeye amekusudia dharura yake mwenyewe: akiugua usiku, au akiharibikiwa na gari njiani baina ya Manyoni na Itigi, aitoe simu aite watu. Na hao atakaowaita atawapataje, ikiwa nao wamezizima zao? Basi amani yake yategemea simu za wenziwe zilizo wazi, naye yake hakumfungulia mtu. Hilo ni deni asilolilipa.

Uko mpango uitwao m-mama, ulioanza kuenezwa nchi nzima mwaka 2022, wa kuwapeleka hospitali waja wazito na watoto wachanga walio katika hatari. Nambari yake ni 115, na kuipiga hakuna malipo. Mahali pasipo gari la wagonjwa karibu, kituo humpigia simu dereva wa papo hapo kijijini aliyejiandikisha, naye huja kumchukua mgonjwa. Zingatia: mwenye kuita ana simu, na kituo kina simu, lakini mama huokoka kwa simu ya mtu wa tatu, aliyelala usingizi wake bila ya kuizima.

Na jambo la pili ni maziko. Mtu yuko Singida, na baba yake yuko Tanga. Mzee akifariki, dini yatuhimiza tusicheleweshe kumzika, na njia ni ya siku nzima kwa basi. Mwana akipata khabari saa ile ile, pengine atawahi. Akiipata baada ya siku tatu, atakuta kaburi, na hana wa kumshutumu ila sanduku lake.

Huenda akajibu: "Nikiiacha wazi, upuuzi ule ule utanirudia." Twamwambia: usiizime, bali wachague wenye nambari yako. Wape wazee wako, mkeo, jirani, na imamu wa msikiti, uwaambie kuwa haipigwi ila kwa haja kubwa. Ichaji, weka salio kidogo, na uitumie mara moja moja, kwani laini isiyotumiwa muda mrefu huweza kufungwa na kampuni.

Kupunguza maneno ni adabu njema. Kujificha na wenye haja si katika adabu. Atakaye kufunguliwa mlango wa jirani usiku, naye asiutie wake kufuli.

Wallahu aalam.