Mawe Yaliyo Hai
(1 Petro 2:5)



Mbali sana, katika Bahari ya Pasifiki, kiko kisiwa kiitwacho Moorea, jirani ya Tahiti. Ndani yake limo bonde la Opunohu, na humo, chini ya miti mikubwa, zimo nyua za mawe ambazo wenyeji huziita marae. Hapo watu wa kale walikutana mbele ya miungu yao. Hawakuwa na chombo cha chuma, wala ng'ombe wa kukokota; kila jiwe lilichukuliwa kwa mikono na mabega.

Mwaka 1797 wahubiri wa Injili kutoka Uingereza walifika Tahiti kwa merikebu. Miaka mingi hawakuona mavuno. Hata ilipokuwa yapata mwaka 1815, huko Papetoai katika kisiwa cha Moorea, kuhani mmoja, jina lake Patii, alizitoa sanamu zake mbele ya watu, akaziteketeza kwa moto. Mwaka 1819 mfalme Pomare wa Pili akabatizwa. Bondeni ibada ikakoma, na miti ikaota katikati ya mawe.

Basi tusiwacheke watu wale. Njia waliikosa, lakini mzigo hawakuukimbia. Nasi tuliomjua Mungu aliye hai, twamchukulia nini? Paa la kanisa likivuja, twatazamana. Mjane akiugua, twasema wazee wa kanisa watakwenda.

Tena tuogope. Jiwe hukaa, hata waabuduo wakiisha kuondoka. Twajenga kanisa la mawe na mabati, na ni jambo jema. Lakini kuta hazisali. Tusipowafundisha watoto wetu kuomba nyumbani, kengele italia bure, na majani yataota mlangoni petu kama kule bondeni.

Lakini Mtume Petro atuita mawe yaliyo hai. Wale walichukua mawe ili wapate kibali. Sisi tumekwisha kupewa kibali bure, kwa ajili yake Yeye aliyeuchukua msalaba wetu. Kwa hiyo na tuchukue, si kwa hofu, bali kwa shukrani: sadaka yetu, jirani yetu, na watoto wetu.

Ee Bwana, uliye Jiwe la pembeni, utujenge juu yako, tusiwe ukuta mtupu. Amina.