Mizani Sahihi, Soko Lililopinda

Je, mfanyabiashara asiyempunja mteja hata senti moja ametimiza haki? Duka la Whiteaway, Laidlaw, lililoanzishwa Calcutta mwaka 1882 na baadaye kutandaza matawi hadi Singapore na Shanghai, halipo tena, ingawa jengo lake la Chowringhee bado limesimama. Liliuza nguo, viatu na samani kwa bei iliyoandikwa, tena kwa fedha taslimu. Desturi ya bei moja ina asili ya kidini: katika karne ya 17 Waquaker wa Uingereza waliacha kupatana bei, kwa kuwa anayetaja bei asiyoikusudia amesema uongo. Naiheshimu hoja hiyo. Bei moja humlinda mtoto aliyetumwa dukani, mgeni, na yeyote asiyejua kubishana. Qurani nayo ina sura, ya 83, yenye jina la wapunjao.

Lakini kipimo sahihi chaweza kutumika katika soko lililopinda. Mwaka uleule wa 1882 serikali ya kikoloni iliondoa ushuru wa nguo za pamba zilizoingia India. Hazina ilipopungukiwa, ushuru ukarudishwa. Wenye viwanda wa Lancashire, Uingereza, wakalalamika, na kuanzia 1896 nguo za viwanda vya India zikatozwa asilimia 3.5, sawa na zile za kigeni, zikiwa nyumbani kwao. Muuzaji wa Chowringhee angeweza kupima kitambaa kwa uaminifu kamili, na bado bei aliyoiandika ikabeba dhuluma iliyotendwa mbali na kaunta yake. Wabengali walioanza kususia bidhaa za Uingereza mwaka 1905, jimbo lao lilipogawanywa, hawakuwa na ugomvi na mizani ya mwenye duka. Waliukataa utawala uliosimama nyuma yake.

Watasema: mwenye duka hakutunga sheria za ushuru, basi ahukumiwe kwa lililo mkononi mwake. Ni pingamizi zito, na kwa wauza duka wengi nalikubali. Kwa Robert Laidlaw, mwanzilishi, halitoshi. Alikuwa mbunge London kuanzia 1906 hadi 1910, na mwaka 1909 alikuwa miongoni mwa wajumbe wa Uingereza katika kikao cha Shanghai kuhusu kasumba. Kasumba ya India iliuzwa kihalali, katika mnada wa serikali palepale Calcutta, na hata hivyo yeye aliipinga. Alijua, basi, kwamba biashara yaweza kuwa safi mezani na chafu katika chanzo chake. Ninamhukumu kwa kipimo chake mwenyewe. Kodi ile ya nguo za India ilisimamishwa Desemba 1925, miaka 29 baada ya kuwekwa.