Mpita Njia na Mteja

Mfanyabiashara aonaye watu wengi wakipita mbele ya mlango wake huwa mwepesi wa kudhani kuwa watu wale ni wake. Dhana hii ni tamu, lakini ina hatari. Mpita njia ni wa njia. Mteja ni wa mlango. Tofauti yao haidhihiriki mpaka siku njia inapohamishwa.

Sisi wa Bofu tumelipata funzo hili karibu na nyumba zetu. Kwa miaka mingi mtu wa Likoni aliyetaka kwenda kisiwani Mombasa kwa miguu alishuka kivukoni akapanda feri. Mwaka 2020, wakati wa maradhi ya korona, lilijengwa daraja la kuelea kutoka Liwatoni mpaka Ras Bofu ili kupunguza msongamano wa feri. Waenda kwa miguu wengi wakageuziwa njia. Amri kama hiyo ikitoka, muuzaji akosaye wateja huwa hakutenda kosa, na awapataye huwa hakutenda jema lolote. Kilwa nayo ilitajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala. Wareno walipoivamia mwaka 1505, neema ile ikaanza kuiponyoka, ingawa watu wake hawakuwa wamepungukiwa akili wala bidii.

Mwaka 2009 nyaya za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari zilifika pwani ya Mombasa, na biashara ikapata njia isiyo na vumbi. Njia hii nayo ina wenyewe. Mtu akitafuta jambo katika intaneti, mtambo wa kutafutia humpangia kurasa, hii ya kwanza, ile ya mia. Wengi hufungua zile za juu tu. Kanuni za kupanga hutungwa na mwenye mtambo, naye huzibadili apendavyo.

Binti mmoja wa mtaani kwetu, niliyepata kumfundisha, alikuwa na tovuti ya kueleza habari za leso: pindo lake, mji wake, na jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake. Wasomaji waliletwa na mtambo, na matangazo yakampa riziki. Asubuhi moja kanuni zilibadilishwa, na kabla ya mwezi kwisha wasomaji walikuwa wamepukutika kama majani ya mkungu. Alinijia akasema, “Mwalimu, nimeibiwa.”

Je, aliibiwa? Nilitaka kumjibu upesi kuwa mtu haibiwi asichokuwa nacho. Nilipofikiri zaidi niliona jibu hilo lina ukweli nusu. Mwenye njia hawi mwizi akiigeuza njia yake. Lakini akiwa amewakaribisha watu wajenge kando yake, naye amefaidika kwa kujenga kwao, ana wajibu wa kuwaonya mapema. Nguvu bila wajibu ni udhalimu, hata kama haikuvunja sheria. Hata hivyo, aliyedhulumiwa hashibi kwa kuthibitisha kuwa amedhulumiwa.

Binti yule alifungua duka dogo la mtandaoni, la leso tu, tena leso za majina ya zamani ambazo ni adimu madukani. Aliwaandikia wasomaji wachache waliowahi kumwandikia. Malipo yalikuja kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Kenya mwaka 2007, na vifurushi vikasafiri kwa basi. Wateja hawakufika hata hamsini.

Mmoja wao alitaka leso ya jina fulani ampe mama yake mgonjwa, kwa kuwa mama huyo aliolewa na jina hilo. Binti alikuwa nalo, lakini doti iliyobaki ilikuwa imefifia rangi upande mmoja. Fedha zilikwisha kulipwa, na kodi ya nyumba ilikuwa karibu. Angeweza kuikunja upande mzuri juu, akanyamaza. Alimweleza mteja ila ile, akamrudishia fedha zake. Mteja alijibu kuwa aletewe hivyo hivyo kwa nusu ya bei, kwa maana mama yake naye amefifia.

Methali yasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Naiheshimu, lakini hakuna aishiye bila cha nduguye. Duka la binti huyu bado linategemea waya wa watu, basi la watu, na simu ya watu. Kuacha kutegemea kabisa hakuwezekani kwa mwanadamu. Liwezekanalo ni kujua kipi ni cha kuazima na kipi ni chetu. Umati ni wa kuazima. Chetu ni uaminifu ambao mtu mmoja amekwisha kuuonja, kwa sababu njia ikihamishwa, mtu huyo atauliza mlango ulipo.

Lakini mlango wa mtu ni mzigo pia. Mpita njia akipunjwa huilaumu bahati yake. Mteja akipunjwa hulijua jina la aliyempunja. Basi kijana asomaye insha hii, kabla hujahesabu wangapi wanapita mbele yako, jiulize ni wangapi wangekutafuta kama ungehama usiku wa leo, na wangekutafuta kwa jema gani.